Zinki Iliyopakwa Rangi

Jumatatu, 17 Novemba
Mashua iko nchi kavu kwa ukaguzi. Wiki moja kabla ya msimu wa kambakoche. Zinki iliyofungwa karibu na propela yangu ni nzima, kama imetoka dukani leo. Ya jirani yangu Thaddée imeliwa kama jibini iliyopitiwa na panya. Nikamuuliza kwa upole huwa anainunua wapi. Siri yangu: mwezi wa tano niliipaka rangi, mikono mitatu. Namshukuru Mungu kwa akili alizonijalia.

Jumanne, 18
Thaddée kaja na nyundo, hakualikwa. Akagonga propela yangu ya shaba. Haikulia kama kengele. Akagonga tena, ncha ikameguka. Ndani rangi ya waridi, kama nyama ya samoni.

“Anselme, zinki umeipaka rangi?”

Nikasema kidogo. Akanieleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa: metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa; zinki na alumini huliwa mbele ya shaba. Zinki kazi yake ni kuliwa ili propela ipone. Mimi nimemfungia mlinzi chumbani. Mke wangu Zélie akauliza ingekuwaje kama ingekatikia baharini mwezi wa kwanza, upepo ukitusukumia miambani.

Alhamisi, 20
Dukani wanasema propela mpya ni wiki tatu. Nikafikiria kuiunga ya zamani kwa gundi ya mabomba. Zélie kaificha gundi.

Jioni Thaddée akabisha hodi, kapakata propela yake ya akiba kama mtoto mchanga. Miaka kumi na miwili namwita mtu huyu bahili. Nikampakulia rapure, viazi vya kukwaruzwa vilivyookwa na kuku, sahani ya pili na ya tatu. Alikula zote. Akasema asije akaona brashi karibu na zinki.

Jumapili, 23
Kesho tunatoka. Propela imekaa sawasawa. Zinki mpya haina hata tone la rangi, somo limeniingia. Moyo umejaa, na shukrani ya mdomo tupu haitoshi. Thaddée alipokuwa kanisani nimeiendea mashua yake ndogo ya alumini, kabla haijashushwa majini, nikaifungia zawadi kwa bolti sita: bamba zito la shaba, jina lake limechongwa kwa herufi kubwa. Nimeliweka chini kabisa, sehemu inayozama baharini. Huko mvua haitalifikia.