Kikombe cha Bodi

Jumatatu, 2 Februari

Barua kutoka bodi mpya ya serikali. Kuanzia mwezi huu, hakuna maabara ya uchunguzi wa jinai itakayofanya kazi bila leseni, na kila mchambuzi atafanyiwa mtihani. Mtihani! Mimi, Nderitu, mkurugenzi wa Maabara ya Ukweli, Bondeni, juu ya duka la mbegu, miaka kumi na moja nikisoma alama za vidole! Mkaguzi anakuja Jumatano.

Chemutai, mchambuzi wangu, amefurahi. Ana diploma, ndiyo maana. Amenikumbusha kesi ya Mama Wangare wa Kabazi, Jumatatu ijayo. Shemeji yake anataka kuuza shamba la mama kwa mkataba wenye alama ya dole gumba, na mama anaapa si lake. Chemutai amepima. Kweli si lake. Lakini bila namba ya leseni, korti haitaipokea ripoti yetu, na mama wa watu atajikuta barabarani na ng'ombe wake wawili. Nimemwambia Chemutai asijali. Nina mpango.

Jumanne, 3 Februari

Mpango: makoti meupe. Maabara bila makoti ni chumba tu. Nimeazima mawili kwa Odero wa buchari, yule muuza nyama. Chemutai amekataa kuvaa lake. Wivu.

Jumatano, 4 Februari

Mkaguzi ni Madam Jepkemboi. Mfupi, mpole, macho ya mwalimu wa hesabu. Akauliza damu kwenye mfuko wa koti langu ni ya nani. Nikasema ya mbuzi. Akaandika. Akauliza mbuzi huyo anahusika na kesi gani. Akaandika tena. Wueh!

Nikamkaribisha chai, akasema labda siku nyingine. Ametuachia mfuko wa karatasi uliofungwa kwa gundi. Ndani kuna kikombe cheupe. Pia kadi tatu za alama za vidole vya watu watatu: A, B na C. Kufikia Ijumaa tuseme ni yupi kati yao aliyekishika. Chemutai akaandika yote kwenye daftari lake: nani kashika nini, saa ngapi. Daftari hilo! Hata nikipiga chafya karibu na kielelezo, anataka nitie sahihi.

Alhamisi, 5 Februari

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Asubuhi Chemutai alienda kortini kupeleka karatasi. Nafasi yangu! Nikafungua mfuko nijue jibu kabla yake. Mara hodi. Mama Wangare, katoka Kabazi alfajiri, vumbi hadi magotini, amebeba lita mbili za maziwa za kutushukuru hata kabla hatujamsaidia. Akauliza kama shamba litapona. Nikamwambia aketi, kwanza chai.

Mimi nimelelewa Dundori. Kwetu mgeni hatoki bila chai, na kikombe kinasuuzwa mbele yake aone mwenyewe ni safi. Mkono ukaenda wenyewe. Nikachukua kikombe kilichokuwa mezani, nikasuuza, nikammiminia. Akanywa. Nikamwongeza. Alipokiinamisha amalizie, nikaona kibandiko cha bodi kwenye kitako.

Kimeumana!

Mama alipoondoka nikawaza haraka. Kati ya A, B na C, huyu B ana mistari ya mtu mkaidi. Nikaandika ripoti: ni B, bila shaka yoyote.

Chemutai akarudi, akapaka kikombe poda. Alama zikatokea, mpya kabisa. Si A, si B, si C. Akasema hizi anazijua, amezitazama wiki tatu. Ni za Mama Wangare. Nikasema huyo mama naye ana mambo. Akauliza mama kakishika saa ngapi. Nikakiri. Akaandika kwenye daftari: saa nne na robo, kielelezo kimesuuzwa na mkurugenzi, kimenywewa chai. Alipoenda msalani nikajaribu kuchana ukurasa. Kurasa zina namba!

Nikakaa nikimfikiria mama na lile vumbi lake. Nimejisikia vibaya, sifichi. Si ningempa tu chai kwa kifuniko cha thamosi!

Ijumaa, 6 Februari

Madam akasoma ripoti yangu kwanza. Akavua miwani. Akasoma ya Chemutai: hakuna alama ya A, B wala C, zilizopo ni za Mama Wangare, sababu iko kwenye daftari, ukurasa wa 46. Nikasubiri tufungiwe.

Madam akaanza kucheka, mabega yote. Akasema kikombe kilipanguswa ofisini kwao kabla ya kuletwa. Hakikuwa na alama hata moja! Walitaka kuona nani atamtaja mtu asiyekuwepo. Ala! Nimesuuza kikombe safi!

Leseni tumepata. Mwaka mmoja, kwa jina la Chemutai, kwa sababu ya daftari. Mimi nisiguse kielelezo chochote. Nimepewa mapokezi. Chemutai alilia. Mimi pia, kidogo. Ile poda ni mbaya kwa macho.

Jumatatu, 9 Februari

Hakimu ameipokea ripoti! Shamba haliuzwi hadi kesi iishe. Shemeji alitoka kortini akitazama viatu vyake. Mama Wangare alinishika mikono yote miwili. Chemutai naye, mama sasa anamwita “Daktari”.

Nimewaza, na ukweli lazima usemwe: ni chai yangu iliyotuokoa. Bila chai, Chemutai angeandika nini kwenye ukurasa wa 46? Basi nimejiandaa kwa mkaguzi wa mwakani. Nimenunua sokoni vikombe sita vya chai ya wageni, vyeupe, pacha kabisa wa kile cha bodi. Rafu ya jikoni imejaa, lakini ufunguo wa kabati la vielelezo ninao mimi wa mapokezi. Nimevipanga humo, kando ya kile chenyewe tulichoachiwa. Chemutai bado hajui. Atafurahi sana.