Jinsi Lali wa Tucumán Alivyopindua Mayai Mjini Motueka

Kimya, enyi nyote mlioko jikoni na mlioko ukumbini! Acheni kumenya, acheni kusugua, na wewe uliyeshika simu kwa mkono huu na kijiko kwa mkono ule, weka kimoja chini. Nasimulia habari za Eulalia binti Barrionuevo, aitwaye Lali, aliyetoka Tucumán nchini Ajentina, jasiri wa ngazi ndefu, mbeba mfuko wa matufaha tumboni, mchelewaji wa ahadi zake mwenyewe. Nasimulia jinsi alivyosimama mbele ya jiko la umeme lenye koili nne, ambazo kati yake moja tu ndiyo iliyokuwa hai, katika hosteli ya wachuma matufaha pale Motueka, Nyuzilandi, akapigania chakula cha jioni cha mtu mmoja. Ewe kitunguu, mfalme wa machozi, nakuomba unitie maji machoni mapema, maana nikifika mbali sitaki watu waone nalia kwa ajili ya mayai.

Nilikuwapo. Nilikaa kwenye kile kiti cha mguu mbovu, karibu na dirisha, na yote niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini ashauriane na kiti.

Basi jueni kwamba sisi tulikuwa taifa la watu wa mwaka mmoja. Viza ilitupa mwaka wa kuzurura na kufanya vibarua, na mwaka ukikwisha, nawe umekwisha. Unafunga mkoba, unakumbatiwa na watu ambao hutawaona tena, unapanda basi. Na katika taifa hilo aliyekuwa amefikiwa na saa yake ni Wiebke wa Husum, Mjerumani wa pwani ya kaskazini, mrefu kama fremu ya mlango, mwenye maneno machache kiasi kwamba mtu alipoyapata aliyaweka akiba.

Huyu Wiebke ndiye aliyemwokoa Lali. Lali alipofika shambani hakujua kuchuma. Aliyavuta matufaha kama anayeng'oa meno, yakatoka na michubuko, na msimamizi akawa ameshafungua kinywa amfukuze. Wiebke akaja bila kuitwa, akamshika kidole gumba, akamwonyesha jinsi tufaha linavyosukumwa juu kidogo likaachia lenyewe, na siku ile nzima akachuma akijaza kasha la Lali kabla ya lake. Jioni Lali akaapa mbele ya mashahidi, mmoja wao mimi: "Kesho, mwembamba wangu, nakupikia tortilla ya viazi. Ile ya bibi yangu."

Tortilla hiyo, kwa msioijua, ni ndugu wa mbali wa chipsi mayai, ila ni nene kama mto wa kulalia na hupinduliwa nzima nzima. Kesho ikaja na mvua. Kesho nyingine ikaja na uchovu, nyingine na bia, nyingine na mwanamuziki mmoja kutoka Chile ambaye sitamtaja. Msimu ukapita. Na sasa basi la Wiebke lilikuwa linaondoka asubuhi, na Lali akaingia jikoni jioni ile kwa hatua za jemadari, akamkuta rafiki yake anafungua kopo.

"Hiyo nini?" akauliza Lali.

"Maharage."

"Si nimekwambia leo napika?"

"Umeniambia tangu Februari."

"Leo ni kweli, Wiebke. Naapa."

"Sawa," akasema Wiebke, akimimina maharage bakulini. "Wewe pika ya kweli. Mimi nitapasha haya, nisije nikalala njaa." Akayatia kwenye maikrowevu, akafunga mlango, akasimama akiyatazama yanavyozunguka. Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Lali angepata ahueni kama angetukanwa.

Shujaa akafungua friji. Mayai hayakuwapo.

Sheria ya Raewyn, mwenye nyumba, mwanamke wa gambuti na moyo mwema, ilikuwa imebandikwa mlangoni: chakula chochote kiandikwe jina la mwenyewe na siku atakayoondoka. Siku ikipita na chakula kikabaki, kimekuwa yatima. Kinahamishiwa rafu ya bure, na mwenye njaa yeyote anaruhusiwa kukirithi. Lali aliponunua mayai ya tortilla aliandika siku yake juu ya trei kwa wino mweusi wa kujiamini. Kisha mvua zikanyesha, matufaha yakakawia kuiva, mavuno yakasogezwa mbele, Lali naye akabaki. Wino haukusogea. Kwa mujibu wa friji, Lali alikuwa ameshaondoka Motueka.

Na mrithi alikuwa nani? Alikuwa Gwenolé wa Bretania, Mfaransa mwenye soksi za sufi, bingwa wa chapati za maji, ambaye hata maji aliyachemsha kwa kiburi. Mimi na Wafaransa hatuna ugomvi, isipokuwa jikoni. Alikuwa amelikumbatia lile trei la mayai kifuani kama mama aliyetoka hospitali.

"Gwenolé!" akanguruma Lali. "Weka hayo mayai chini tuongee kama watu."

"Naongea vizuri tu nikiwa nayo."

"Ni mayai yangu!"

"Yalikuwa yako. Soma mwenyewe hapa. Uliondoka Jumapili. Tulikulilia sana."

"Niko mbele yako, bwana wee! Huoni?"

"Naona mzimu," akasema Gwenolé, akatugeukia sisi wasikilizaji kama mtu aliye jukwaani. "Jamani, mzimu una haki ya mayai? Mzimu unakula nini? Mimi nawaheshimu marehemu wote, lakini leo nina chapati za kupika."

Tukacheka, Mungu atusamehe. Raewyn akaitwa. Akaja na rimoti mkononi, kwa kuwa raga ilikuwa ikiendelea kwenye televisheni, akatoa hukumu kabla mlango haujajifunga nyuma yake: "Lali mpenzi, sheria nimeiandika kwa herufi kubwa kuliko kichwa changu. Mayai ni ya Gwenolé. Kuna lingine? Maana tunafungwa huko."

Lali akainamisha kichwa. Na alipokiinamisha, macho yake yakaangukia sinki.

Mle ndani, katika bwawa la maji ya mafuta, kililala Kikaango Kikuu, cha pekee katika nyumba ile kisichogandisha, maana vingine vyote vilikwanguliwa kwa uma na vizazi vilivyotutangulia. Kilikuwa pale tangu mchana.

"Kikaango cha nani hiki?" akauliza, kwa sauti ya chini ya kutisha.

"Changu," akasema Gwenolé upesi. "Usikiguse. Nimekiloweka."

Nimekiloweka! Neno hilo wachumaji wote wanalifahamu. Mtu haloweki kikaango apate kukisafisha. Analoweka apate kukimiliki. Akishakula anakitia maji, anakiacha sinkini kama bendera ya mkoloni juu ya kilima, na hadi jioni hakuna wa kukigusa. Lakini chini ya sheria ya kwanza ya Raewyn ilibandikwa ya pili, yenye doa la chai: chombo ni cha aliyekiosha.

Lali akakunja mikono ya sweta. Akaimwaga ile bahari chafu, akaita sabuni, akaita sifongo, akaishambulia ngome ya grisi ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Gwenolé akaruka kumzuia lakini mikono yake ilijaa mayai, na mtu mwenye mayai hana vita. Grisi ikapiga kelele, ikarudi nyuma, ikashuka shimoni na mabaki ya jeshi lake. Lali akakiinua kikaango kinang'aa, kikidondosha maji hadi kwenye kiwiko chake.

"Raewyn!" akaita.

"Imebandikwa!" ikajibu sauti kutoka ukumbini.

Hivyo majeshi mawili yakatazamana: huku mayai yasiyo na kikaango, kule kikaango kisicho na mayai. Na katikati yao maharage ya Wiebke yalizunguka polepole kwenye mwanga wa njano, na Wiebke alikuwa amewapa mgongo. Lali akautazama mgongo ule, na majivuno yote yakamtoka.

"Gwenolé, sikiliza," akasema. "Huyu anaondoka asubuhi. Nilimwahidi, na kila siku nikamwambia kesho. Nitajisikia vibaya maisha yangu yote. Nipe mayai."

Mfaransa akakuna shingo. "Tortilla hiyo si inapinduliwa?"

"Inapinduliwa."

"Wewe umeshawahi kuipindua?"

"Bibi yangu alikuwa..."

"Sijamuuliza bibi yako."

"Sijawahi," akasema Lali.

"Haya, basi tuwekeane dau," akasema Gwenolé, na macho yakamwaka. "Mayai haya hapa. Ukiipindua nzima, ni yako na vyombo vyote vya leo naosha mimi. Ikivunjika, hata kipande, utanioshea mpaka tufaha la mwisho lichumwe."

"Sawa," akasema Lali, na midomo yake ilikuwa myeupe.

Viazi vikakatwa, kitunguu kikakatwa (nilikwambia ningelia), vikaingia mafutani kwenye ile koili hai, vikalainika taratibu, mayai yakamiminwa, kikaango kikanong'ona. Habari zikafika vyumbani. Watu wakaja na mataulo vichwani wakasimama ukutani. Chini ikaanza kushika rangi, na Lali akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama daktari wa upasuaji. "Sahani!"

Sahani hazikuwapo. Zilizokuwapo zilikuwa za keki, ndogo mno kufunika kikaango. Zile kubwa zilikuwa zimekwenda vyumbani, na katika hosteli chombo kikishakwenda chumbani kimehama nchi. Kifuniko hakikuwahi kuwapo. Sinia hakuna. Moshi mwembamba ukapanda pembeni mwa mayai. Lali akatazama kulia, akatazama kushoto, na machozi yakamlenga. Gwenolé mwenyewe aliacha kutabasamu.

Ndipo mlango wa maikrowevu ukafunguka. Wiebke akalitoa bakuli lake la maharage likiwa vuguvugu, akaliweka sakafuni, akaingiza mkono mrefu, akaitoa ile sahani ya kioo inayozungusha vyakula, pana, ya mviringo. Akaifuta kwa pindo la fulana yake.

"Shika," akasema. "Haraka, inaungua."

Lali akakifunika kikaango kwa kioo kile, akaweka kiganja juu, akashika mpini, akamtaja bibi yake kwa jina lote, na kwa mkupuo mmoja akaupindua ulimwengu, mafuta ya moto yakamtiririka mkononi hakuachia, kikaango kikainuka, na tazameni, enyi watu wa mataulo, ikalala juu ya kioo, ya dhahabu, ya mviringo, ikitoa mvuke!

Kipande kimoja cha kiazi kilichomoka ukingoni, kikaanguka.

Kikatua juu ya soksi ya Gwenolé. Nyumba nzima ikakiona. Lali akakiona, akafumba macho. Gwenolé akakitazama kwa kitambo, kisha akainama, akakiokota kutoka kwenye sufi, akakitia kinywani, akakitafuna hadi kikaisha.

"Mimi sijaona kitu kilichoanguka," akasema. "Nzima. Rudisha motoni, upande wa pili bado mbichi."

Kelele zilizopigwa zilimtoa Raewyn kwenye raga, akidhani jiko limelipuka. Nami tangu siku hiyo sikumsema Mfaransa yeyote kwa muda wa siku kadhaa.

Wiebke alipewa kipande cha kwanza. Akala amesimama, taratibu, huku Lali akimtazama mdomoni. "Chumvi haitoshi," akasema Wiebke. Akatafuna tena. "Katikati kuna kiazi kigumu." Kisha akaweka uma chini, akamvuta Lali kwa shingo, akamkumbatia kwa nguvu, na maneno aliyomwambia sikioni yalikuwa mengi kuliko yote aliyotamka msimu mzima. Sikuyasikia. Nililaani kiti changu kwa kuwa mbali.

Gwenolé akaosha kama alivyoahidi. Na kwa kuwa hakuzoea kazi hiyo, alikitia kile kioo cha moto chini ya bomba la maji baridi, kikalia pa! kikagawanyika vipande viwili sawasawa. Asubuhi basi likamchukua Wiebke.

Raewyn hajanunua kioo kingine hadi leo. Ukipasha wali katika nyumba ile, hauzunguki: upande mmoja unaunguza ulimi na wa pili una barafu. Mgeni akilalamika, wakongwe, yaani wale waliofika wiki iliyotangulia, humkalisha chini na kumwambia kwamba hapo hapo, juu ya koili ile iliyo hai, Lali wa Tucumán alimpikia mtu chakula siku ile ile aliyosema atampikia. Na mgeni huula wali wake upande wa moto, kwa heshima.