Ombi la Kuondolewa kwa Gari la Marehemu Baba Nyumbani Mwangu Jumamosi

Kwa Shemeji Mkubwa,
Mgawaji wa Mirathi na Msemaji wa Ukoo.

Shemeji yangu mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye meza yako kubwa, ile ambayo kifuniko cha rejeta ya gari la marehemu baba kinagandamiza karatasi zako zisipeperuke. Naanza na kifuniko hicho kwa sababu katika mgawanyo ulioufanya miaka mitatu iliyopita mbele ya ukoo mzima, wewe ulichukua kifuniko kama kumbukumbu, na mdogo wako, ambaye ndiye mume wangu, akapewa kilichobaki. Kilichobaki, shemeji, kilikuwa na uzito wa kilo mia tisa na arobaini, na kilishushwa kwenye kibaraza changu kwa kamba.

Mimi si mtu wa kulalamika. Nilianza na cherehani moja ya miguu iliyokuwa mbovu, nikaitengeneza mwenyewe, na leo ninazo sita. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kuandika barua. Lakini yamenifika shingoni, na ninayaweka kwa namba, maana mdogo wako ni mpima ardhi na mimi ni fundi cherehani. Katika nyumba yetu jambo lisilo na kipimo halisikilizwi.

1. Sakafu. Mdogo wako aliamua kulifungua gari lote ili alifufue, naye hawezi kufungua kitu bila kukichorea mahali pake. Kabla hajagusa nati hata moja, alichora gari zima kwenye sakafu ya sebule yangu kwa rangi nyeupe, urefu mita nne na sentimita kumi, ili kila kifaa kinachotoka kibarazani kilazwe kwenye ramani. Nilimwambia atumie chaki yangu ya kukatia nguo. Akasema chaki inafutika, na mpaka haufutiki. Sebule yangu ina urefu wa mita nne na nusu. Hesabu iliyobaki ifanye mwenyewe. Mgeni akija tunamkaribisha kwenye buti. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, keshazoea, akipiga hodi anauliza, "Leo naingilia mlango wa dereva au wa abiria?"

2. Kiti. Mama yenu alikuja kututembelea kwa siku mbili. Leo ni siku ya arobaini na sita. Kochi amelikataa. Anakaa kwenye kiti cha mbele cha abiria, pale pale kwenye mchoro, kama alivyokaa miaka ishirini na minane ubavuni mwa marehemu, mkoba mapajani. Simlalamikii mama, shemeji, mama ni mama. Nalalamikia kiti. Kila mdogo wako akipita na spana mama anamuuliza, "Hatujaondoka tu?" Naye, mtu mzima mwenye mvi zake, anajibu, "Tunapasha injini, mama." Niambie ni nani anayeweza kushona pindo lililonyooka huku anasikia maneno hayo.

3. Adhabu bila kosa. Mdogo wako alifungua bolti na nati mia nne na kumi na mbili, akazipanga kwenye trei za mayai kwa mfuatano wa kufunguliwa kwake, bila kuandika popote na bila kuniambia. Mimi nikakuta kubwa na ndogo zimelala pamoja, zina vumbi na girisi. Nikafanya jambo ambalo fundi cherehani yeyote mwenye heshima zake angelifanya akikuta vifungo vimechanganyika. Niliziosha kwa mafuta ya taa, nikazipanga kwa ukubwa ndani ya makopo yangu kumi na moja ya vifungo, nikayafunika. Zilipendeza mno. Alipoingia alisimama juu ya taa ya kulia, akahesabu makopo, akakaa chini kwenye injini, na hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi alisema, "Umechanganya viwanja vya watu." Mwanamke anafanya usafi nyumbani kwake anahukumiwa kama mvamizi wa ardhi.

4. Kazi nisiyoiomba. Kwa kuwa sikubali kuitwa mharibifu, ilibidi nitafute kila bolti ilikotoka. Natazama mkwaruzo, naangalia urefu, nanusa girisi. Kifungo cha koti hakijifichi kwenye shati, na bolti ya gia haijifichi kwenye bampa. Wiki ya kwanza nilirudisha sitini. Mwezi wa pili ulipoisha zilikuwa mia mbili na tisini. Hadi leo ni mia tatu tisini na saba, injini ishafungwa mahali pake, na kumi na tano bado zinanitazama ndani ya kopo.

Akaja fundi magari wa mtaa wetu, tunayemwita Bado Kidogo kwa sababu hajawahi kutoa jibu jingine, akasema klachi imekwisha, itafutwe nyingine. Nikaipima. Ilikuwa na unene wa milimita tatu. Nikamwambia, fundi, hii ina maisha marefu kuliko mimi na wewe. Akaniuliza, "Mama, haya umeyajulia wapi?" Nikamjibu kwamba aliyezoea kuweka sindano sawa hashindwi na klachi. Tangu siku hiyo ananiletea karabureta za wateja wake nimsafishie, eti kwa sababu nina brashi ndogo na mkono mwepesi. Meza yangu ya kukatia sasa hivi ina suruali mbili za bwana harusi na karabureta tatu. Naomba uzingatie kwamba hata moja sijaikataa, jambo linaloonyesha jinsi nilivyoonewa.

5. Afya yangu. Wiki iliyopita mteja ananieleza kola anayoitaka, mimi masikio yako barabarani. Lilikuwa linapita gari la mtu. Nikatoka na futi kamba shingoni, nikalisimamisha, nikamwambia dereva silinda yake moja imekufa. Ilikuwa imekufa kweli. Shemeji, nilikuwa mwanamke mwenye akili zake timamu.

Hivyo basi, naomba utume gari la kuvuta Jumamosi saa nne asubuhi, uchukue mali ya ukoo wenu. Kwa kuwa mama hatatoka kwenye kiti, kiti kipakiwe na mama juu yake. Kwa kuwa mdogo wako hatakubali kumwacha mama, naye apakiwe, pamoja na spana zake. Kwa kuwa mchoro haufutiki, utume na mtu wa kuvunja sakafu. Mimi nitabaki na mita zangu nne na nusu, tupu, niweke cherehani ya saba. Sitaki majadiliano. Gari liondoke.

Nisalimie mama watoto wako, watoto wote kwa umri wao, na yule mlinzi wako wa getini aliyesema siku ile kamba inafungwa, "Huyo mama kapewa mzigo." Mwambie nimemkumbuka.

Ni mimi, ninayekuheshimu nikiwa nimesimama kwenye tairi la akiba,

Mke wa mdogo wako,
Fundi Cherehani.

Nyongeza: Barua hii niliiandika Jumatatu, leo ni Alhamisi na bado sijaituma. Bolti kumi na tano nilizipatia mahali pake juzi. Jana asubuhi gari liliwaka. Tukamrudisha mama na kiti chake kwenye gari, tukaondoka, tukafika kona ya duka la dawa, maji yakachemka, kwa sababu rejeta nilikuwa nimeifunika kwa kipande cha suti na mpira wa kiunoni. Mama akatazama moshi, akasema, "Baba yenu hajawahi kutusimamisha hapa." Tukarudi tunasukuma, yeye akiwa ndani. Kwa hiyo gari la kuvuta usilitume. Lete kifuniko, ukilete kwa mkono wako, kabla ya saa nne Jumamosi, maana tunakwenda mbali. Mama anakaa mbele, usukani ni wangu, wewe utabanana nyuma na mdogo wako na ramani yake. Karatasi zako zigandamize kwa jiwe.