Viazi Chini ya Vikombe

Alhamisi, 9 Oktoba

Pearl sasa hivi kalamba gurudumu la trela, akanitazama, akacheka na meno yake manne. Nimempangusa. Namshukuru Mungu mwanangu ana afya, na matope ya uwanja huu wa Skelbeck hayajawahi kuua mtoto.

Mjomba Garnet, mkubwa wa tamasha letu la mashine za kuchezea, kapita asubuhi. Kasema vikombe vyangu vya kupanda watoto vinadoda. Visipojaa Jumamosi, nafasi yangu ya langoni anampa wifi Coralie aweke mashine yake ya pili. Nafasi aliyoniachia marehemu mama! Nimemwambia ahsante kwa kunipa taarifa. Wengine wangehamishwa tu.

Coralie ana mashine ya walza. Viti vyake hupanda na kushuka vilima vya mbao huku vikizunguka vyenyewe, watu wanapiga mayowe, foleni inafika kwenye kibanda cha chipsi cha mama mkwe. Vyangu ni vikombe vikubwa juu ya sinia tambarare. Anayetaka kuzunguka ashike usukani wa katikati, ajizungushe. Watoto wa siku hizi wavivu. Nimeitazama walza mpaka chai ikapoa, nikaona: kiti chenye mtu mnene upande mmoja kinazunguka kuliko vyote. Kumbe siri ni uzito. Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mume wangu Denzil kauliza viazi vya nini. Nimesema vya kuzungusha. Kanitazama, kisha kanibebea mifuko yote. Mume wa hivi haokotwi. Mama mkwe kauliza yeye akaange nini, hewa? Lakini katoa. Kila kikombe tumekifunga mfuko mmoja, chini ya kiti cha upande mmoja.

Mchana tumewasha. Aibu. Sinia likaenda, vikombe vyote vikageuza viazi upande wa nje, vikatulia tuli. Kijana mmoja mwenye misuli kausukuma usukani mpaka kawa mwekundu, kadai pesa yake.

Coralie kaja na chipsi mkononi. "Wifi, hivi ni vikombe au mabenchi ya kanisani?" Kasema uzito huzungusha kiti kwa sababu ya vilima; pasipo vilima unakimbilia nje na kukaa hukohuko. Kacheka mpaka kakohoa. Lakini kambeba Pearl wakati nikirudisha pesa za watu. Nashukuru, wifi mwingine angecheka na kuondoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua imelowesha kamba, mafundo yamegoma. Kisu mama mkwe kakificha, nisije nikachana mifuko yake. Nimefungua biashara hivyohivyo, viazi vikiwa bado chini ya viti.

Nimempandisha Pearl nisionekane sina mteja, nikamkalisha mkabala na viazi. Kikombe kikatulia, uso wake ukatazama nje, kila akipita ananipungia. Mama mmoja mwenye mapacha kasimama. Kauliza kama kweli vikombe hivi havizunguki. Nimeshindwa kudanganya, nikasema havizunguki. Kasema wanawe hutapika kwenye kila kitu, wala hajapata kuwapiga picha yenye nyuso. Kawapandisha. Kapiga picha. Kawaita dada zake. Alasiri foleni ya vigari vya watoto ikaipita walza.

Mjomba Garnet kaja na mwavuli. Nafasi ni yangu, na mwakani pia. "Ila usiguse kitu, binti. Umenisikia? Kitu chochote." Nimelia kidogo. Coralie kanipiga bega, eti mimi hata nikianguka naangukia godoro.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo hatufungui. Nashukuru kwa mume, kwa mama mkwe, kwa wifi, kwa mapacha wa yule mama.

Nimewaza. Mjomba kasema nisiguse, lakini bila shaka alimaanisha viazi, na viazi sijavigusa. Kilichokosekana ni vilima tu, wifi mwenyewe kasema. Nyuma ya walza kulikuwa na mbao zimekaa bure. Nimepenyeza kilima kimoja chini ya sinia, kidogo, kama mkate. Sinia limeinama, lakini likizoea litanyooka. Kina mama wale watafurahi sana vikombe vikianza kuzunguka. Cha pili nitakiweka upande wa

Ngoja, Mjomba Garnet anagonga mlango wa trela, anataja jina langu lote mpaka la babu, naona anataka kunishukuru kwa