Pale Tulipoegesha Lori la Ng'ombe

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mama Mwongeli ameniuliza kama najua Jumapili ni siku gani. Nikasema ni siku ya Bwana. Akasema ni hiyo, na pia ni miaka arobaini tangu tuoane. Nilikuwa najua. Nilikuwa namngoja aanze yeye.

Nikamwuliza anataka zawadi gani, nikiomba iwe sufuria. Hataki sufuria. Anataka nimpeleke pale tulipotazama sinema mwaka wa themanini na tano, tukae kidogo, basi. Aliponiambia hivyo alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu Mwongeli wetu apite mtihani. Nikasema hakuna shida.

Kuna shida. Sikumbuki ni wapi.

Ninachokumbuka ni hiki. Ilikuwa draivu-in, ile sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Skrini nyeupe kubwa kama ukuta wa ghorofa. Magari yamepangwa mbele yake, kila moja na kipaza sauti chake kimening'inia dirishani. Ilikuwa upande huu wa Athi River, mbuga tupu, nyumbu na upepo. Mimi nilikuwa utingo wa lori la ng'ombe kutoka soko la Kajiado. Kathini, ndiye Mama Mwongeli wa leo, alikuwa mpishi wa chapati katika hoteli moja ya huko Kajiado ambayo jina lake limenitoka, na jioni hiyo tulikuwa tumempa lifti. Dereva alitaka kuona filamu, na bawabu akaturuhusu tukae safu ya mwisho tusizibe watu. Mimi na Kathini tukapanda juu ya kichwa cha lori. Kipaza sauti kilibaki chini kwa dereva, na ng'ombe walikuwa wanalia nyuma, kwa hivyo hatukusikia hata neno moja. Kathini akaanza kuwatungia waigizaji maneno kwa Kikamba. Nilicheka mpaka machozi. Filamu ilipoisha nilikuwa nimeshamposa.

Kanisani watu wanajua tulienda na Datsun yangu. Hiyo ni habari nyingine.

Siwezi kumwuliza ni wapi. Mwanamume hawezi kumwuliza mke wake mahali alipomposa. Nina siku sita.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejaribu ujanja. Wakati wa chai nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezama katika kumbukumbu: siku ile, kutoka barabara ya Namanga, tulipinda kushoto ama kulia? Mama Mwongeli akacheka. Akasema nisimchezee, kwani mimi na mahali pale tumewahi kuachana? Nikacheka pia. Sijui alimaanisha nini. Mke wa miaka arobaini huongea kwa mafumbo.

Alasiri, kamati ya kanisa. Mimi ni mwenyekiti wa maegesho. Tangu tuhamie Kitengela mwaka wa 2009, kila Jumapili nimesimama kiwanjani na jaketi langu la kung'aa nikipanga magari ya waumini, na hakuna aliyewahi kugongwa isipokuwa mchungaji, mara moja, kidogo. Kiwanja chetu kina adui mmoja. Matuta. Yako kumi na moja, moja nyuma ya jingine, na gari likiegeshwa juu ya tuta linainua pua kama mbuzi anayefikia majani ya mti. Mabomba ya moshi yanakwaruzwa. Leo nimeomba kwa mara ya saba yasawazishwe.

Mzee wa Kanisa Bedan amekataa kwa mara ya saba. Anasema kuna mama mmoja wa kanisa aliyemwomba yasiguswe, na yeye alimpa neno lake. Nikamwuliza ni mama gani. Akasema siri ya muumini hailetwi kikaoni. Siri gani? Ni mke wake, Muthoni, mwenye gari refu lisilogusa chochote. Nyumbani sikusema. Mama Mwongeli hapendi nikigombana na Bedan, kwa hivyo miaka yote hii mambo ya kamati nayaacha langoni.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeuliza mjini. Kinyozi amesema sinema ilikuwa pale penye supamaketi. Mwenye bucha amesema kinyozi hajui kitu, ilikuwa pale penye fleti mpya. Fundi wa viatu amesema pale penye fleti palikuwa na bwawa, na yeye mwenyewe aliogelea humo akiwa mtoto. Wakaanza kubishana kuhusu bwawa. Nikawaacha.

Nimerudi nyumbani nikajifungia na simu. Simu ina ramani inayoonyesha nchi kutoka juu, kama anavyoiona tai. Nikatulia nikafikiri kama mpelelezi. Draivu-in ilikuwaje? Safu za udongo ulioinuliwa, zimepinda, ili kila gari lielekeze pua juu kwenye skrini. Udongo haupotei. Basi nitafute safu zilizopinda.

Nimetafuta kwa saa nne. Macho yanauma. Lakini nimepata! Mbele ya Isinya, ukielekea Kajiado, mahali pasipo na nyumba: nusu-duara tupu, safu kwa safu, zaidi ya mia mbili, zote zinatazama upande mmoja. Kila moja inatosha gari dogo. Ni sinema kubwa kuliko nilivyokumbuka.

Nimekula chakula cha jioni nikiwa na raha ya ajabu. Mama Mwongeli ameniuliza ninachekea nini. Nikasema Jumapili ataona.

Alhamisi, 6 Novemba

Niandike kwa ufupi kwa sababu mikono ina malengelenge.

Nimefika saa nne asubuhi. Nusu-duara ziko, nzuri kabisa, ukingo wa udongo kila moja, na majani yameanza kuota ndani. Nikaona ni lazima nijaribu, ili Jumapili nisibabaike. Nikaingiza gari langu la Probox kwenye mojawapo, pua juu ya ukingo, sawasawa kama zamani. Nikakaa nikitazama mahali skrini ilipokuwa. Kulikuwa na punda mmoja. Halafu nikahisi gari linashuka taratibu. Mvua ya wiki hii yote ilikuwa imelala humo ndani.

Wakatokea akina mama kama kumi na majembe. Aliyetangulia anaitwa Soipan, ndiye mwenyekiti wao. Nikamsalimu kwa Kimaasai, takwenya, akaitika iko, halafu akaniuliza kwa upole nafanya nini ndani ya nyasi zake. Nikamweleza habari za sinema. Akawatafsiria wenzake. Walicheka muda mrefu sana.

Hizo nusu-duara walizichimba wao wenyewe, mwaka juzi, kwa jembe, kuzuia maji ya mvua yasikimbie ili nyasi zirudi. Wana mbegu humo. Nikauliza kama labda zamani, kabla ya hapo, palikuwa na sinema. Soipan akasema, "Hapa kulikuwa na nyasi, halafu kukakosa nyasi, sasa iko nyasi tena. Hiyo ndiyo sinema tuko nayo."

Punda wawili wamevuta gari. Halafu akanipa jembe nitengeneze nilichobomoa, na akasimama pale mpaka ukingo ukawa kama wa wenzake. Nilipomaliza nikamwomba ruhusa nije Jumapili na mke wangu, kwa miguu. Akasema nije, lakini nilete mke kweli, si gari.

Njiani nimeamua. Mahali penyewe sijapata, lakini pale panafanana. Miaka arobaini imepita. Mama Mwongeli atajuaje?

Ijumaa, 7 Novemba

Bahati huja kwa anayengoja. Bedan ameenda Kimuka kwa mahari ya mpwa wake, na hatarudi mpaka Jumapili asubuhi. Na barabara iliyo nyuma ya kanisa inatengenezwa, kuna greda. Dereva wake ni Oscar, kijana mwenye adabu, naye amesema kesho anaweza kuingia kiwanjani kwetu kwa saa mbili.

Nimeitisha kikao cha dharura. Tulikuwa watatu: mimi, Dolphine mweka hazina, na Musila wa kwaya. Sheria inasema watatu wanatosha. Dolphine akauliza kwa nini tusimngoje Mzee Bedan. Nikasema mabomba ya moshi hayawezi kumngoja. Musila alikuwa na haraka ya mazoezi. Tumepitisha. Nimeandika kumbukumbu za kikao mwenyewe na kutia sahihi kubwa.

Miaka kumi na sita, mara saba, na hatimaye.

Jumamosi, 8 Novemba

Kiwanja kimelala kama meza. Nimesimama na jaketi langu nikimwelekeza Oscar mbele na nyuma. Sijafurahi hivi siku nyingi. Tuta la mwisho, lile la nyuma kabisa kando ya ua, lilikuwa gumu na greda ikalirudia mara tatu.

Udongo ulikuwa na vyuma. Vigingi vya chuma vimezikwa kwa safu, vingine bado na nyaya ndani. Sijui wakoloni walikuwa wanafunga nini. Nimempa mtu wa skrapu. Kwenye kimoja kulikuwa na kiboksi cha bati chenye matundu matundu mbele, kama redio. Nimekiweka ndani ya Probox. Kitafaa kutilia misumari.

Vilivyobaki ni zile nguzo mbili ndefu za saruji kule mbele, tunapofungia bango la kukaribisha wageni. Oscar alitaka kuzisukuma. Nikasema zinafaa.

Jumapili, 9 Novemba

Mama Mwongeli alikuja kanisani kwa gari la Muthoni, kwa sababu mimi huenda mapema kuegesha. Alivaa ile nguo ya samawati. Aliposhuka alisimama. Nilidhani anashangaa usafi wa kiwanja. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Baada ya ibada nikamwambia twende haraka, safari ni ndefu, tunapita Isinya. Akaniuliza twende wapi. Nikasema pale petu, pa sinema. Akasema, "Baba Mwongeli, si ni hapa."

Alionyesha zile nguzo mbili. Skrini ilikuwa imesimama juu yake. Alizitambua Jumapili ya kwanza tulipofika, mwaka wa 2009, na nilipojitolea siku hiyo hiyo kusimamia maegesho, aliamini ni kwa sababu hiyo. Kwamba kila Jumapili nilikuwa nasimama pale kwa ajili yetu, na sisemi kwa kuwa nina haya. Na kwa sababu hiyo alimwendea Mzee Bedan, kila mwaka, kumwomba matuta yasiguswe. Hasa lile la nyuma, kando ya ua. Lilikuwa la lori.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imesawazishwa vizuri sana.

Akaniuliza nani amefanya hivi. Bedan alikuwa amesimama karibu, amerudi kutoka Kimuka, na mkononi alikuwa na karatasi yenye sahihi yangu. Nikasema ni kamati. Bedan akanitazama. Halafu akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akamwambia Mama Mwongeli kwamba anasikitika, neno lake halikutosha. Nilimshukuru kwa moyo wote. Halafu nikamchukia kidogo kwa kuwa mwema.

Tulikaa ndani ya Probox, mahali lile tuta la nyuma lilipokuwa, tukitazama bango la kukaribisha wageni. Hatukuinuka pua. Mama Mwongeli alikuwa analia kimya kimya na mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia ukweli. Kweli nilikuwa nimefungua.

Ndipo akaona kile kiboksi cha bati miguuni. Akakiokota, akakifuta kwa leso, akamwaga misumari yangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Ulikitunza."

Nikafunga mdomo. Nikasema ndiyo.

Akakining'iniza dirishani. Dakika moja baadaye alianza: sauti ya mwanamume mwenye kofia, sauti ya yule mwanamke mwenye hasira, kwa Kikamba, maneno yale yale ya miaka arobaini iliyopita, na mengine mapya kuhusu greda. Nilicheka mpaka machozi. Muthoni akaja kuuliza kuna nini, na Mama Mwongeli akamsimulia yote, pamoja na lori na ng'ombe. Kwa hivyo Datsun imekwisha. Nampenda huyu mwanamke. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka na akili safi. Nimemwandikia Bedan kupendekeza kibao chenye jina langu pale kwenye nguzo: Hapa Palikuwa na Sinema, Pamegunduliwa na Mulinge. Amejibu kwa kuuliza kama kibao kimtaje na aliyepasawazisha. Ana maneno, huyu.

Nimempigia Soipan simu kumwambia kwamba hatukufika. Akasema aliona. Nikauliza kama anaweza kunipa lori moja la udongo wa kurudishia tuta. Akakata simu.

Mchana Mama Mwongeli amepika chapati, jambo ambalo hulifanya akiwa na furaha. Akasema mwaka ujao hataki mambo makubwa. Nimpeleke tu Kajiado, kwenye ile hoteli aliyokuwa akipika nilipomwona mara ya kwanza, tunywe chai. Anasikia ile nyumba bado ipo. Akaniuliza kama naikumbuka.

Nikasema hakuna shida.

Sasa nimejifungia na simu. Kajiado inaonekana vizuri sana kutoka juu. Kuna mapaa mengi ya mabati, na nina hakika kabisa kwamba hoteli ilikuwa na paa la mabati.