Inspekta Aliyeingia Joshoni

Wenzangu wa Loliondo, leo nimeadhirika. Mbele za watu, jua linawaka, nami nimevaa shati safi.

Mliniomba niwatajie vitabu vizuri vya kusoma. Sikieni kwanza yaliyonipata, kisha mwamue wenyewe kama mimi ni mtu wa kuulizwa habari za vitabu.

Mnajua nashona cherehani barazani kwa Bi. Zuhura, yule mama mwenye duka hapa Karatu. Kila Jumamosi alasiri wapenda kusoma tunakutana pale pale. Vitabu vyetu ni vichache, kwa hiyo kila kimoja huzunguka mikononi mpaka kichakae. Kikichakaa naletewa mimi, nakipiga mshono mgongoni. (Uzi mweusi, sindano ya turubai. Kazi safi. Najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea.)

Kila mtu ana upande wake. Mwalimu wa Rhotia ni wa mashairi. Bi. Zuhura anataka mapenzi. "Kama sikulia," husema, "nimesoma nini?" Bwana mifugo husoma vijitabu vya kazi yake tu, tena kwa kalamu mkononi. Mimi ni mtu wa upelelezi. Nikiona maiti ukurasa wa kwanza, moyo wangu unatulia.

Sasa, leo palikuwa na kitabu kipya. Bi. Zuhura alikinunua Arusha. Jalada gumu! Picha! Ni habari za watu waliovuka nchi ya barafu tupu. Wiki nzima nilikuwa nakitazama kabatini, nikishona suruali za watu bila kuangalia sindano. Sharti lilikuwa moja. Kila mtu asimame asifu kitabu alichosoma, na yule ambaye kitabu chake kitatamaniwa na wengi ndiye atapewa zamu ya kwanza. Ukiikosa zamu hiyo, jua Bi. Zuhura anasoma taratibu. Utangoja mpaka mahindi yavunwe.

Watu wakaja. Bwana mifugo alikuja na mgeni, Mzee Lekishon wa Olbalbal, aliyepanda lori kuja mnadani. Nikamwinamishia kichwa kwa salamu, akanigusa utosini, akakaa na fimbo yake.

"Mzee ana swali," bwana mifugo akasema.

"Nitangoja," mzee akajibu. "Waacheni waseme kwanza."

Mwalimu akasifu mashairi yake. Mikono miwili ikainuka. Bi. Zuhura akasifu kisa cha mapenzi, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mikono mitatu. Nikasimama mimi na kijitabu changu kisicho na jalada. Nikakohoa.

"Ndugu zangu, bwana harusi amekutwa amekufa asubuhi ya harusi. Mlango umefungwa kwa ndani! Inspekta anawakusanya ndugu wote sebuleni. Anasema, 'Muuaji yumo humu.' Anainua kidole. Halafu..."

"Halafu?" Bi. Zuhura mkono shavuni.

"Halafu anasema: 'Ng'ombe mwenye kiu apewe maji kwanza, ndipo aingizwe joshoni, asije akanywa dawa.'"

"Ng'ombe gani?" mwalimu akauliza.

"Ni fumbo, mwalimu!" (Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Jumatatu.) "Ng'ombe ni muuaji. Kiu ni tamaa. Na ukurasa wa tisa ni nani alikuwa anakunywa maji, kata ya pili, kata ya tatu? Ami wa marehemu! Na tangu hapo Inspekta hatoki kwenye fumbo. Anaeleza kupe. Anaeleza vipimo vya dawa. Anaeleza kina cha josho la kuogeshea ng'ombe. Kurasa ishirini! Hakamati mtu, kwa sababu anataka wewe msomaji ukamate."

Nilisema hivyo. Mbele ya mwalimu. Nikaongeza kwamba pale ng'ombe anapotokea upande wa pili wa josho, maji yakimchuruzika, nililia. (Kweli nililia. Niliona amesamehewa.)

Mikono! Bi. Zuhura, mwalimu, na wengine wanne. Sita! Nchi ya barafu ikawa yangu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kukipokea kitabu bwana mifugo aliposema polepole:

"Fundi, hebu nikione."

Akafunua. Akafunua tena. Akakaa.

"Kijitabu changu cha josho ulikishona lini?"

"Siku moja na hiki."

"Siku ya ule upepo?"

Jamani. Siku ya ule upepo! Vitabu viwili, vyote havina majalada, karatasi zilipeperuka mpaka kwenye ua wa jirani. Nikaziokota moja moja, nikazipanga kwa namba. Moja mpaka arobaini, arobaini na moja mpaka sitini. Namba zilitimia, haikupungua hata moja, nikajipongeza kwa soda. Haikunijia akilini kwamba arobaini na moja zilikuwa mbili, kila moja na kitabu chake.

"Sasa nimeelewa," bwana mifugo akasema. "Mimi nilisimama joshoni Olbalbal, wazee wamekusanyika na mifugo yao. Nikasoma jinsi ya kupanga ng'ombe mstari mmoja. Nikafunua ukurasa, nikasoma kwa sauti ya serikali: 'Ni wewe, shangazi! Ulitia sumu kwenye sharubati!'"

"Ukaacha?" mwalimu akauliza.

"Wangeniacha niache? Walinisomesha mpaka mwisho. Mmoja akauliza hiyo sharubati ni debe ngapi kwa kila ng'ombe."

Baraza lote liliangua kicheko. Mwalimu aliegemea cherehani yangu, akaikanyaga, ikajiendesha yenyewe. Mimi nikatafuta pa kutazama, nikatazama shati langu.

Hapo Mzee Lekishon akainuka. Kicheko kikakatika.

"Ndilo swali langu," akasema. "Sisi tunamjua aliyeua. Hatumjui aliyekufa. Tangu siku ile hatujakubaliana. Kijana, aliyekufa ni nani, na alimkosea nini yule mama?"

Nikamweleza: bwana harusi, harusi yenyewe, mlango. Mzee akafumba macho.

"Bwana harusi," akasema. "Basi ndiyo maana alilia alipokamatwa."

"Mzee," Bi. Zuhura akasema kwa sauti ndogo, "huo mwisho unaujua wote?"

Ndugu zangu, hapa sijui niandike nini. Mzee hajui kusoma. Alisikia mara moja tu, tena kwa bwana mifugo, ambaye husoma kama mtu anayehesabu magunia. Lakini alianza kwenye "Ni wewe, shangazi" akaenda nao mpaka mwisho, neno kwa neno. Hata kikohozi cha bwana mifugo alikitia mahali pake! Shangazi alipoomba aage mtoto aliyemlea, fimbo ya mzee ilitulia, na ncha ya khanga ya Bi. Zuhura ikarudi machoni. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na nilikuwa nadhani kitabu kinakaa kwenye karatasi.

"Na ami?" nikauliza mwishowe.

"Ami alikuwa na kiu tu."

Hakuna aliyehesabu mikono. Yote iliinuka, na wangu ukiwemo. Bi. Zuhura akafungua kabati, akampa mzee kitabu cha barafu kwa mikono miwili. Mzee akatazama picha ya kwanza muda mrefu. Weupe mtupu, na watu wadogo kama siafu.

"Wanalisha wapi hawa?" akauliza.

Mzee akanigeukia.

"Huyu atakuja anisomee. Anayeweza kumlilia ng'ombe wa karatasi hana ubaya."

Jumatatu napanda lori kwenda Olbalbal. Kurasa nimeshazihesabu mara tatu, mzee akinitazama, na bwana mifugo akizihesabu nyuma yangu.

Nanyi tafadhali msinicheke. Bi. Zuhura ameisoma barua hii kabla sijaifunga bahasha, na amecheka kwa niaba ya Loliondo nzima.