Shujaa wa Mkonge, Sehemu ya Nne

Jumatatu, 9 Juni
Nimeanza Sehemu ya Nne. Voi hii nzima hakuna mwingine mwenye filamu ya sehemu nne. Na nilianza na video za harusi, kamera ya kuazima!

Ruweida, binti anayewapaka waigizaji wangu poda, kaniletea hadithi aliyoitunga mwenyewe. Mama muuza ndizi wa Taveta anavuka mpaka wa Holili kumtafuta mumewe. Nikamuuliza shujaa anafia wapi. Akasema hakuna anayekufa. Nikamrudishia karatasi zake. Nani atalilia ndizi?

Jumanne, 10 Juni
Munyoki, msimamizi wa ukumbi ninakoonyesha filamu zangu Jumamosi, ana maneno. Eti Sehemu ya Kwanza ilijaza viti, ya Pili nusu, ya Tatu robo. Nikamfundisha hesabu: ukigawa nusu kwa nusu, hufiki sifuri hata siku moja. Akasema mtazamaji wa Sehemu ya Kumi atakuwa mguu tu. Viti visipojaa Jumamosi hii, Jumamosi zangu anampa mwingine. Tutaona.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Shujaa wangu ni Gabriel, fundi wa pikipiki. Mwisho wa kila sehemu anakufa, tunamzika, sehemu inayofuata anafufuka. Leo nimefika kwao na jeneza, mamake yuko mlangoni na mwiko.

“Fuad, mwanangu umemzika mara tatu. Kanisani wananipa pole. Safari hii zika wa kwako.”

Nikamweleza kwamba mara zote tatu nilimzika kwa heshima. Mwiko ukapanda. Nikashuka.

Ijumaa, 13 Juni
Kipaji hakikwami. Nimeunganisha mazishi yote matatu ya zamani. Gabriel ana ndevu, hana ndevu, ana ndevu. Hata wakubwa hawazikwi hivyo!

Kumbe Ruweida aliipiga filamu yake ya ndizi likizo ya Aprili, kwa simu. Munyoki amempa nafasi baada yangu. Maskini, watamzomea.

Jumamosi, 14 Juni
Mazishi ya pili, mtu wa nyuma akauliza kama marehemu anazikwa lipa polepole. Ya tatu, wakatoka kununua viazi karai.

Wakarudi kwa Ruweida. Viti vikaisha, wakakaa sakafuni. Mamake Gabriel alilia. Mimi pia nililia, kwa sababu za kikazi.

Munyoki kampa Jumamosi zangu zote. Na yule binti akanifuata mlangoni, bila kejeli hata kidogo.

“Ami, njoo tufanye pamoja. Kamera mimi siijui kama wewe.”

Nikasema nitafikiria.

Jumapili, 15 Juni
Nimefikiria. Nimekataa. Mtu aliyejijenga mwenyewe haokoti mawazo ya watu. Ninalo langu, jipya kabisa, halijawahi kuonekana Voi: mama muuza nyanya wa Mwatate anapanda Wundanyi kumtafuta mumewe.

Hampati mpaka Sehemu ya Sita.